Kufungasha

Chumba changu Pasua kina dirisha moja
nalo linatazama ukuta wa jirani,
kwa hiyo dirisha langu la kweli ni hili jeusi
lenye kishale kinachopepesa kama mtu
aliyebisha hodi, akarudi nyuma hatua moja,
anasubiri.

Unaandika: jumlisha tatu na nne.
Saba, linajibu, kabla kidole hakijainuka.
Unaandika upuuzi, linakwambia ni upuuzi,
mstari wa ngapi, neno la ngapi.
Hakuna kujaza kurasa arobaini gizani
halafu kuziombea.
Unasema, unajibiwa, unasema tena.
Nami nilitaka mazungumzo hayo yakae
ndani ya kihariri kile kile
wanachoandikia wanafunzi wa Kibosho,
wasirukeruke kati ya madirisha mawili
kama kuku mgeni.

Kuliandika kulinichukua wiki tatu.
Kulifungasha, miezi minne.

Maana kitu kikikaa kwako hakihitaji maelezo,
kinajua kijiko kiko droo gani.
Kukitoa nje ndiyo kazi:
jina ambalo hakuna mwingine analitumia,
nambari ya toleo, leseni,
orodha ya vile kinavyovitegemea,
na vile navyo vinavyovitegemea,
mpaka unafika kwenye kifaili cha mistari kumi na moja
kilichoandikwa na mtu asiyejibu barua,
na nyumba nzima imekiegemea.

Shangazi Aikande, Kiboriloni,
hufunga mizigo ya kwenda Dar.
Mshare chini, parachichi juu,
majani makavu ya mgomba kila upenyo.
Kisha huliinua boksi hadi sikioni
na kulitikisa.
"Likisema, halijafungwa."
Nilicheka. Nikamwambia changu hakitikisiki.

Aprili. Mlima haujaonekana tangu Jumanne.
Nikapanda Kibosho na flashi kwenye mfuko wa nailoni,
maabara ya shule, kompyuta tisa, saba zinawaka.
Haikaeli wa kidato cha tatu,
sweta limechoka viwiko,
akachomeka, akasakinisha, akafungua.
Kishale kikapepesa mara mbili.
Kisha, kwa rangi nyekundu:

    faili halipatikani: /nyumbani/ndesario/kazi/mwanzo

Ndesario ni mimi.

Miezi minne nafunga kila upenyo,
na kwenye mstari wa sitini na mbili
nimesahau mlango wa chumba changu.
Kifurushi kilifika Kibosho, kikavua viatu,
kikaanza kuuliza njia ya kurudi Pasua.

Haikaeli akausoma ule mstari kwa sauti, tena polepole,
kama anayesoma jina kwenye barua iliyopotea.
"Huyu Ndesario ni nani?
Mbona kompyuta yetu inamtafuta?"

Kwangu kinafanya kazi.
Sentensi hiyo ilikuwa tayari ulimini.
Nikaimeza. Ni chungu, na si mara ya kwanza.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilidhani mgeni ni mimi, niliyepanda na flashi.
Kumbe ni yeye,
aliyeingia kwenye msimbo wangu na tope la njiani
akajikwaa palepale
ambapo mimi, kwa mazoea, huwa naruka.

Tulifuta jina langu pamoja.
Mahali pake tukaandika neno dogo
linalomaanisha: popote nilipo.
Nilimwambia ajaribu, jumlisha tatu na nne.
Hakutaka. Akaandika gawanya moja kwa sifuri,
akakunja mikono, akaitazama skrini
kama mtu anayemsubiri mwongo ajieleze.

    haigawanyiki. mstari wa kwanza, neno la nne.

"Eeh," akasema, akasogeza kiti.
"Angalau inakiri."
Akaanza kuandika la kwake,
wala hakunionyesha.

Usiku nilibadili toleo: sifuri, nukta, mbili.
Shangazi akapiga simu, nyuma yake mvua kwenye bati.
Vipi lile boksi lako, lilisema?

Lilisema, shangazi.
Tena lilinitaja kwa jina.